Bao, sataranji na nambari 18446744073709551615: kwa nini inagawanyika namna hii?

1. Mkaazi wa Kibokoni

Assalamu alaykum nyote. Jana baada ya alasiri tulikuwa barazani tukicheza bao, na mpwa wangu aliye kidato cha tatu akatusimulia kisa alichokisikia darasani, cha mtu aliyemwomba mfalme nafaka juu ya ubao wa sataranji: punje moja katika mraba wa kwanza, mbili katika wa pili, nne katika wa tatu, na kila mraba upate mara mbili ya ule uliotangulia mpaka mraba wa 64. Jumla ya punje zote ni 18446744073709551615.

Mzee mmoja akasema kwamba kwetu ubao ni wa bao, basi tuhesabu kwa mashimo 32 tuliyo nayo mbele yetu. Tukaanza na safu moja ya mashimo manane, tukapata punje 255. Upande mzima wa mchezaji mmoja, yaani mashimo 16, ukatoa 65535. Bao zima likatoa 4294967295. Mpwa wangu, kwa kutaka tu kujua, akagawanya kila jumla kwa ile iliyotangulia. Alipogawanya 65535 kwa 255 akapata 257, bila baki. Alipogawanya 4294967295 kwa 65535 akapata 65537, tena bila baki. Na sataranji yote kwa bao zima ikampa 4294967297 kamili.

Maswali yetu ni mawili. Kwa nini hakuna baki hata mara moja? Na je, 257, 65537 na 4294967297 ni nambari tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe?

2. Mhasibu wa Makupa

Nimeiweka hesabu hiyo katika jedwali la kompyuta ninalotumia kazini kila siku, na jumla iliyotoka ni 18446744073709600000. Nambari inayoishia kwa sifuri tano hugawanyika kwa 2, na bao lenu linaishia kwa 5, ambayo ni witiri. Nina shaka kwamba mgawanyo wa mwisho hauna baki.

3. Binti wa Likoni

Mhasibu, simu yangu imenipa 18446744073709552000, ambayo si yako wala si ya barazani. Sasa tuna majibu matatu ya swali moja.

4. Mwalimu wa Tudor

Jibu la barazani ndilo sahihi, na linaweza kuthibitishwa kwa kalamu. Tazameni tarakimu ya mwisho ya kila mraba: 1, 2, 4, 8, 6, 2, 4, 8, 6, na mzunguko huo wa 2, 4, 8, 6 hauishi. Jumla ya ubao wote ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe mara 64, ikatolewa moja. Kwa kuwa 64 hugawanyika kwa 4, tunaangukia kwenye 6, na tukitoa moja tunabaki na 5. Kwa hiyo nambari hiyo haiwezi kuishia kwa sifuri, seuze sifuri tano. Jedwali la Mhasibu huhifadhi tarakimu 15 tu za mwanzo na simu ya Binti huonyesha 17. Zilizobaki hujazwa sifuri bila kumwonya mtumiaji. Vifaa hivyo havijaharibika. Vimeundwa kwa ajili ya vipimo na fedha, ambako tarakimu ya ishirini haina kazi, lakini swali letu linaitegemea hiyo hasa.

5. Mhasibu wa Makupa

Nimekubali, Mwalimu. Nimeifanya upya kwa mkono nikapata 18446744073709551615. Miaka yote hii sikujua kwamba jedwali lile hukata tarakimu.

6. Mzee wa Baraza

Mimi ndiye niliyesema tutumie bao, na nina maelezo yasiyohitaji vitabu. Safu ya kwanza ina mashimo manane. Shimo la tisa, ambalo ni la kwanza katika safu ya pili, lina punje 256. Shimo la kumi lina 512, ambazo ni mara 256 ya punje mbili za shimo la pili. Kila shimo la safu ya pili ni mara 256 ya shimo linalolingana nalo katika safu ya kwanza, kwa hiyo safu yote ya pili ni mara 256 ya safu yote ya kwanza. Ukiziweka pamoja umepata safu ya kwanza mara moja na tena mara 256, yaani mara 257. Baki itoke wapi? Ni vivyo hivyo upande wa pili wa bao ukilinganishwa na wa kwanza: mara 65536, na ukiongeza ule wa kwanza ni mara 65537.

7. Fundi wa Saa

Maelezo ya Mzee ni mazuri mno, lakini yanajibu nusu ya swali. Yanatuambia kwa nini 257 inaigawanya nambari kubwa, hayatuambii kwa nini 7, 11 au 13 haziigawanyi. Mimi naliona jambo hili kama magurudumu ya saa. Chukua nambari 7, anza na moja, zidisha kwa mbili, na kila ukipita 7 uiondoe: utapata 1, 2, 4, kisha unarudi kwenye 1. Gurudumu hilo lina meno matatu. Ili 7 iigawanye nambari yetu, mzunguko wa hatua 64 lazima uishie kwenye 1, lakini 64 haigawanyiki kwa 3, hivyo gurudumu halitui mahali pake. Gurudumu la 11 lina hatua 10, la 13 lina 12, nayo hayatui. La 3 lina hatua 2, la 5 lina 4, la 17 lina 8, la 257 lina 16, la 65537 lina 32, na yote hayo huingia ndani ya 64. Nambari tasa yoyote inayoigawanya jumla ya sataranji lazima iwe na gurudumu la hatua 2, 4, 8, 16, 32 au 64, na ndiyo maana zinazofaa ni chache hivyo.

8. Mwalimu wa Tudor

Fundi na Mzee wanaitazama nyumba moja kupitia milango miwili. Kuna na mlango wa tatu: tofauti ya vipeo vya pili. Mbili kwa kipeo cha 64 ukitoa moja ni zao la mbili kwa kipeo cha 32 ukiongeza moja na mbili kwa kipeo cha 32 ukitoa moja. Kile cha kutoa hupasuka tena vivyo hivyo, na tena, mpaka unabaki na 3 × 5 × 17 × 257 × 65537 × 4294967297. Binafsi naupenda mlango huu kwa sababu hufunguka kwa mistari miwili tu ya aljebra, ingawa nakiri kwamba wanafunzi wangu huelewa upesi zaidi nikiwachorea mashimo.

9. Binti wa Likoni

Kama 3, 5, 17, 257 na 65537 zote ni tasa, basi bila shaka 4294967297 nayo ni tasa, na swali la pili la Mkaazi limejibiwa.

10. Fundi wa Saa

Binti, umefuata njia aliyoipita mtu mkubwa. Pierre de Fermat wa Ufaransa, katika miaka ya 1640, aliamini kwamba nambari zote za namna hii, yaani mbili kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea maradufu, kila moja ikiongezwa moja, ni tasa, na ndiyo maana hadi leo zinaitwa nambari za Fermat. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kwamba 4294967297 hugawanyika kwa 641. Fanya mwenyewe: 6700417 mara 600 ni 4020250200, mara 40 ni 268016680, mara moja ni 6700417. Jumlisha tatu hizo.

11. Binti wa Likoni

Nimejumlisha mara mbili, na ni 4294967297. Nimeshangaa kweli. Lakini mtu huyo Euler alijuaje kwamba ni 641? Alijaribu nambari zote tangu mwanzo?

12. Mwalimu wa Tudor

Hakujaribu zote. Gurudumu la Fundi ndilo linalomwongoza mtu hapa. Nambari tasa inayoigawanya 4294967297 lazima gurudumu lake liwe la hatua 64 kamili, na hatua za gurudumu la nambari tasa daima huigawanya nambari hiyo ikipunguzwa moja. Kwa hiyo tunatafuta nambari tasa zinazobakiza 1 zikigawanywa kwa 64. Za mwanzo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Unaijaribu ya tano, kazi imekwisha. Mwaka 1878 Édouard Lucas alionyesha kwamba inatosha kutazama zinazobakiza 1 kwa 128, na hapo 641 huwa ya pili, baada ya 257.

Nina na uthibitisho mfupi kwa asiyependa kugawanya. Nambari 641 ni 5 × 128 + 1, na vilevile ni 625 + 16, yaani tano kwa kipeo cha nne na mbili kwa kipeo cha nne. Umbo la kwanza linasema kwamba, ukihesabu kwa baki za 641, 5 × 128 ni sawa na kutoa moja; ukilipandisha kwa kipeo cha nne unapata 625 mara mbili kwa kipeo cha 28, na hiyo ni sawa na moja. Umbo la pili linasema kwamba 625 ni sawa na kutoa 16. Weka kutoa 16 mahali pa 625, na mbili kwa kipeo cha 32 inakuwa sawa na kutoa moja. Ongeza moja, baki ni sifuri.

13. Msomi wa Nyali

Mwalimu, kwa hesabu hiyo jumla ya sataranji ni 3 × 5 × 17 × 257 × 641 × 65537 × 6700417, nambari tasa saba zisizojirudia, kwa hiyo ina vigawo 128. Ila linalonisumbua ni jingine: ikiwa Fermat mwenyewe ndiye aliyegundua kanuni inayofanya magurudumu yazunguke hivyo, vipi aliikosa 641, iliyo ya tano tu katika orodha?

14. Fundi wa Saa

Nadhani alijaribu akakosea hesabu mahali fulani, kisha hakurudia. Mimi hutengeneza saa, na najua kwamba kosa dogo la kuhesabu meno huweza kukaa mwaka mzima bila kuonekana kama hujashuku.

15. Binti wa Likoni

Mimi naona hakujaribu kabisa. Mtu akishapata tasa tano mfululizo, moyo wake umekwisha kuamini. Nilivyoamini mimi katika chapisho la 9 ndivyo alivyoamini yeye.

16. Mwalimu wa Tudor

Siliafiki lolote kati ya hayo mawili kikamilifu. Fermat aliandika zaidi ya mara moja kwamba hajapata uthibitisho, kwa hiyo shaka alikuwa nayo.

17. Bi Mkubwa wa Majengo

Wanangu, mmezungumza nambari bila kugusa mchele wenyewe. Asubuhi nimehesabu punje 1000 za pishori, nikazipeleka kwa sonara aliye jirani yangu anipimie, zikawa gramu 20. Basi safu moja ya bao, punje 255, ni gramu tano, haishibishi kifaranga. Upande wa mchezaji mmoja ni kilo moja na gramu 311, karibu vibaba viwili kwa kipimo cha marehemu bibi yangu. Bao zima ni takriban tani 86, ambazo ni magunia 954 ya kilo 90. Huo ni mchele wa ghala, na mfanyabiashara mkubwa anaweza kuutoa.

18. Mhasibu wa Makupa

Bi Mkubwa, ahsante kwa kupima. Nimeendelea na gramu zako, safari hii kwa mkono. Sataranji yote ni takriban tani bilioni 369. Dunia nzima huvuna mchele uliokobolewa wa tani milioni 500 na ushei kwa mwaka, kwa hiyo deni hilo lingelipwa kwa takriban miaka 700, bila mtu yeyote kula hata wali wa siku moja.

19. Msomi wa Nyali

Nisahihishe jambo moja kwa heshima. Katika simulizi ya Ibn Khallikan, aliyefariki mwaka 1282, mwombaji ni Sissa na nafaka ni ngano, si mchele. Punje 1000 za ngano kwa kawaida huwa gramu 35 hadi 45, kwa hiyo uzito wa Mhasibu unapaswa kuongezwa karibu maradufu. Na kabla yake, yapata mwaka 1000, al-Biruni alikuwa ameshaihesabu jumla hii na kuipata sawasawa mpaka tarakimu ya mwisho. Alifanya hivyo kwa kupandisha vipeo vya pili: 16, kisha 256, kisha 65536, na kuendelea, njia ile ile ya Mzee wa Baraza ya kuruka kutoka safu hadi ubao.

20. Mzee wa Baraza

Nimefurahi kusikia hivyo kuhusu al-Biruni. Nami nawauliza vijana: mnaisomaje nambari hii kwa kinywa? Nimemsikia kijana akisema kwintilioni, nikamwambia kwamba hapa tuna laki. Ukiikata kwa laki, tarakimu zake 20 hukatika vipande vinne vya tarakimu tano bila kubaki kitu: 18446, 74407, 37095, 51615. Kipande cha mwisho ni chenyewe, cha tatu ni laki, cha pili ni laki ya laki, na cha kwanza ni laki ya laki ya laki. Maneno tuliyo nayo yanatosha kuisoma yote.

21. Binti wa Likoni

Babu, nimeisoma hivyo kwa sauti, na ni mara ya kwanza nimefika mwisho wa nambari hii bila kupotea njiani.

22. Mchonga Milango

Nasoma uzi huu tangu jana. Mimi huchonga milango, na nambari ya bao imenigusa kwa sababu nyingine. Ua la petali 16 ni kazi nyepesi: unagawa duara kwa bikari nusu, robo, thumni, unaendelea. Mwaka uliopita mteja alitaka petali 17, na nilizipata kwa kukisia na kusawazisha siku mbili nzima. Baadaye nikasoma kwamba Carl Friedrich Gauss, mwaka 1796, akiwa na umri wa miaka 18, alionyesha kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linaweza kuchorwa kwa rula na bikari peke yake, bila kukisia. La pande 7 haliwezekani, wala la pande 9. Pierre Wantzel alithibitisha upande huo wa kutowezekana mwaka 1837. Kwa pande zilizo witiri, linalowezekana ni lile ambalo idadi yake ni zao la nambari tasa za Fermat zisizojirudia. Zinazojulikana ni tano tu, na zao la zote tano ni 4294967295. Hiyo ni jumla ya punje za bao! Ndiyo idadi kubwa kabisa ya pande zilizo witiri inayojulikana kuwa inachorika. Maumbo hayo yote ni 31, kuanzia pande 3 hadi pande za bao zima.

23. Mkaazi wa Kibokoni

Mchonga Milango, umetupa jambo ambalo hatukulitarajia. Je, haiwezi kupatikana nambari tasa ya sita ya namna hiyo?

24. Msomi wa Nyali

Nionavyo mimi, haiwezekani kwa urahisi, na sababu ni upungufu wa tasa wenyewe. Kati ya nambari zenye ukubwa wa 65537, takriban moja katika 11 ni tasa. Kwenye ukubwa wa 4294967297 ni moja katika 22, na kwenye inayofuata ni moja katika 44. Kila hatua bahati hupungua nusu, na ukijumlisha nusu za nusu hufiki mbali. Kuanzia ya sita, ambayo ndiyo 4294967297, nambari za Fermat 28 mfululizo zimekwisha kuthibitishwa kwamba si tasa, ingawa mbili kati yake hakuna aliyewahi kupata kigawo chake hata kimoja.

25. Fundi wa Saa

Msomi, hesabu hiyo ya bahati inazichukulia nambari hizi kana kwamba zimeokotwa njiani. Hazikuokotwa. Hazigawanyiki kwa 7, wala kwa 11, wala kwa maelfu ya nambari tasa zinazoziangusha nyingine, kwa sababu ya magurudumu niliyoyaeleza. Nambari iliyokwisha kupita vichujio vingi hivyo ina nafasi kubwa kuliko moja katika 22.

26. Msomi wa Nyali

Nafasi ni kubwa zaidi, nakubali, lakini nusu bado ni nusu katika kila hatua.

27. Mwalimu wa Tudor

Mabwana, hakuna kati yenu mwenye uthibitisho, wala dunia haijaupata. Haijulikani kama tasa hizo ni tano tu, wala kama zilizo si tasa haziishi. Mimi naelekea upande wa Msomi, lakini siwezi kumfundisha mwanafunzi maelekeo yangu kama kanuni.

28. Mkaazi wa Kibokoni

Nimemsomea mpwa wangu uzi wote, naye ameuliza: tukiweka mbao mbili za sataranji ubavu kwa ubavu, miraba 128, na kuigawanya jumla kwa ile ya ubao mmoja, tutapata 18446744073709551617. Je, hiyo nayo ina 641 yake?

29. Mwalimu wa Tudor

Inayo, ila iko mbali. Thomas Clausen aliipata mwaka 1855, naye Fortuné Landry akaitangaza mwaka 1880, akiwa mzee wa miaka zaidi ya themanini. Ni 274177, na mwenzake ni 67280421310721. Mwambie asitumie simu. Na kabla ya kugawanya, aangalie kwanza kama 274177 inabakiza 1 ikigawanywa kwa 256.

30. Mkaazi wa Kibokoni

Ameangalia: 256 mara 1071 ni 274176, kwa hiyo inabakiza 1. Sasa ameketi na daftari anaigawanya ile kubwa yenyewe, na Mzee wa Baraza yuko kando yake akimsomea tarakimu tano tano, kwa laki.